Duara na Nukta Mlangoni

Mtoto wa kambini hujua saa kwa tarumbeta. Jioni ikilia, hata walio katikati ya mpira husimama wima mpaka bendera ishuke, kisha mchezo unaendelea pale pale ulipoachwa. Hakuna aliyewafundisha. Wamewaona wakubwa wakifanya hivyo tangu wanabebwa mgongoni.

Sisi wake wa wanajeshi tuliokaa kota za Gilgil, Lanet na Nanyuki tuna mila ambazo raia hawazioni. Cheo cha mume hakivuliwi pamoja na buti. Kinaingia mpaka jikoni. Mke wa koplo hampigii mke wa meja hodi bila sababu, na nyumba za maofisa ziko upande wao, za askari upande wao. Uhamisho nao huja kwa karatasi moja. Unafunga masufuria kwa mashuka, unaagana na jirani mliyeazimana naye chumvi miaka mitatu, na mtoto anakwenda kuanza upya kwenye darasa asimomjua mtu. Binti yangu alipita shule nne kabla ya darasa la saba. Akiulizwa kwao ni wapi, alikuwa ananitazama mimi nimjibie.

Kitu pekee kilichohama naye kikiwa kizima ni skauti. Aliingia Gilgil akiwa Sungura, akapanda kuwa Chipukizi, na mbele yake kulikuwa na Mwamba na Jasiri. Kila shule ilikuwa na skafu ya rangi yake, kwa hiyo nilinunua nyingine na kushonea beji upya kwenye shati. Lakini siku ya kwanza ya shule ngeni alikuwa anamtafuta mwenye skafu, anampa mkono wa kushoto kama skauti wote wanavyosalimiana, na mchana hali chakula peke yake. Mimi mtu mzima sikuwa na salamu ya namna hiyo ya kuingilia kwenye kota mpya.

Ndani ya patroli, kile kikundi cha watoto sita hadi wanane, anayeongoza ni mtoto mwenzao. Mwaka mmoja kiongozi wa patroli ya binti yangu alikuwa mwana wa dereva, na chini yake yupo binti wa ofisa aliyekuwa akipigiwa saluti na huyo dereva kila asubuhi. Mvulana alimtuma kuni, msichana akaenda, wakapika ugali ukaungua, wakaula pamoja. Watoto hawakuona ajabu. Wazazi ndio tuliokosa pa kuangalia. Baadaye nilijua kwamba jambo hilo lilikuwamo tangu mwanzo: Agosti 1907, Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipowapeleka wavulana wapatao 20 kisiwa cha Brownsea kule Uingereza, aliwachanganya makusudi wana wa matajiri na wana wa vibarua.

Baba wa binti yangu, sajini, alianza vibaya kwa mapenzi mema. Alimwamsha saa kumi na moja, akakagua kucha na mikunjo ya blanketi, akamzungusha uani kushoto-kulia kama kuruti. Mtoto akachukia skauti mwezi mzima. Skautimasta alipopata habari alikuja mwenyewe, akakaa, akanywa chai, ndipo akasema, "Afande, samahani kwa kusema hivi. Sisi hatumwandai kuwa askari. Tunataka ajifunze kujiamulia."

Mume wangu alinyamaza. Wiki hiyo alikwenda kuuliza habari za mwanzilishi mwenyewe, akarudi na hadithi iliyomtuliza. Baden-Powell alikuwa mwanajeshi aliyezingirwa Mafeking siku 217. Kitabu alichowaandikia askari kuhusu upelelezi, kilichotoka 1899, wavulana wa Uingereza wakakigeuza mchezo, naye akaona afadhali aandike kingine cha watoto, kikatoka 1908. Miaka miwili baadaye aliacha jeshi ili awashughulikie hao. "Jenerali mzima," mume wangu alisema, "aliweka bunduki chini akakaa na watoto." Hakumkagua tena kucha. Naamini familia za jeshi ndizo zinazohitaji zaidi kuijua tofauti hiyo ya askari na skauti, kwa sababu nyumbani kwetu amri huja kwa urahisi mno.

Kisha mume wangu akapelekwa Somalia. Jioni moja binti alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa huduma ya kwanza na fundo likawa linamteleza kila mara. Simu ya baba ikaingia. Nikaiweka mezani kwa sauti kubwa, na yeye ameshika skafu yake kwa ncha mbili. "Ya kulia juu ya ya kushoto, pitisha chini. Sasa ya kushoto juu ya ya kulia. Vuta." Laini ikakatika kabla ya kuvuta. Alikaa na zile ncha mikononi, hataki kuziachia, mpaka simu ilipolia tena baada ya robo saa. Alivuta. Fundo likakaa bapa, likashika.

Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya wanajeshi wetu ya El Adde, huko huko Somalia, ilishambuliwa. Mume wangu alikuwa kwingine, lakini siku mbili hatukumsikia. Siku kama hizo kwenye kota redio hupunguzwa na nguo huanuliwa mapema. Kila mmoja anasikiliza magari. Likipunguza mwendo unaomba Mungu lipite, kisha unaona haya kwa ulichoomba, maana likipita kwako litasimama kwa jirani. Wale watoto wa skafu walizunguka nyumba hadi nyumba, wakichota maji na kubeba vitoto vya watu, bila kutumwa.

Februari hiyo nilichukua nauli kwenye pesa za chama nikampeleka binti yangu Nyeri pamoja na wenzake. Kila mwaka, karibu na tarehe 22, siku aliyozaliwa Baden-Powell na pia mkewe Olave, skauti hukusanyika kwenye kaburi la huyo mwanzilishi linaloelekea Mlima Kenya, si mbali na kijumba cha Paxtu alikofia tarehe 8 Januari 1941. Juu ya jiwe pamechorwa duara lenye nukta katikati. Ni alama ya skauti ya njiani, ya mwisho wa safari: nimekwenda nyumbani.

Tuliporudi, binti yangu aliichora kwa chaki kwenye ngazi ya kota yetu. Nilipoiona nilisisimka. Nilikuwa nimeshika ndoo na tambara. "Mwanangu, hii ni ya kaburini. Baba yako yuko vitani."

"Mama, si ya kaburini. Ni ya aliyefika. Baba akija aione."

Nilideki baraza yote nikaiacha ngazi. Alikuwa akiipitishia chaki kila Jumamosi, na mwezi wa sita baba yake aliikanyaga na buti zenye vumbi, akauliza ni nini, akaelezwa, akarudi nyuma hatua moja ili asiifute.

Mwaka uliofuata karatasi ya uhamisho ilikuja. Tulipofika kota mpya, lori bado halijashushwa godoro hata moja, binti yangu alikuwa ameinama ngazini, anatafuta mfukoni kipande cha chaki.