JINA NALO NI MALI

Wako watu wadhanio kwamba jina la kitu si kitu, na kwamba likipotea hutafutwa jingine, kazi ikaendelea kama kawaida. Sisi hatukubaliani nao. Tunao mfano kutoka katika kazi za kompyuta, nao wamhusu kila mfanyakazi aliyepata kushirikiana na wenzake kujenga kitu.

Mwaka 1999 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliinunua kampuni ya Kijerumani ya Star Division, pamoja na programu yake ya kuandikia barua na kupangia hesabu. Mwaka 2000 Sun ikaifanya programu hiyo kuwa huria. Yaani maandishi yake ya ndani yakawekwa wazi, kila mtu ayasome, ayarekebishe na kuyagawa bila ya malipo. Ikaitwa OpenOffice.org. Watu wa mataifa mengi wakaitumikia kwa kujitolea. Kiswahili nacho hakikubaki nyuma: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliitoa kwa lugha yetu kwa jina la Jambo OpenOffice.

Kazi ilikuwa ya wengi, lakini jina lilikuwa la kampuni. Januari 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun, na wajenzi wengi wakaingiwa na wasiwasi. Tarehe 28 Septemba mwaka huo wakatangaza taasisi yao wenyewe, The Document Foundation, wakaiomba Oracle iwakabidhi jina. Hawakupewa. Leseni iliwaruhusu kuchukua maandishi yote ya programu, lakini jina haikuwaruhusu. Basi wakaondoka na kazi yao, wakaipa jina jipya la LibreOffice, na toleo la kwanza likatoka Januari 2011. Mwezi Juni Oracle ikalitoa jina la kale, lakini si kwao. Ililipeleka kwa Apache Software Foundation.

Je, gharama ilikuwa nini? Vitabu vya mafunzo, maelekezo ya maofisini na mazoea ya walimu, vyote vilikuwa vimeandikwa kwa jina la zamani. Ilibidi watu waelezwe upya kwamba fundi ni yule yule ingawa kibao cha mlangoni kimebadilika. Wengi hawakupata habari hiyo. Kufikia Aprili 2014 programu iliyobaki na jina la kale ilikuwa imekwisha kuchukuliwa zaidi ya mara milioni 100, hali wajenzi wake wengi walikwisha kuhama.

Wala hasara haikuwa ya sifa tu. Aprili 2015 lilitangazwa kosa ambalo mtu mwovu angeweza kulitumia kuingilia kompyuta ya mwenziwe kwa hati iliyotegwa. LibreOffice ilikuwa imekwisha kulirekebisha. Waliobaki na jina la kale walishauriwa kuondoa faili moja kwa mikono yao, na toleo lililorekebishwa wakalipata Oktoba. Aliyeumia hapo ni mtumiaji wa kawaida, aliyeliamini jina alilofundishwa. Hata Oktoba 2020, miaka kumi baada ya kuhama, wajenzi wa LibreOffice walikuwa bado wanaandika barua ya wazi, wakiomba watumiaji wa OpenOffice waambiwe kwamba wao wapo.

Hatusemi kwamba kubadili jina ni kosa daima. Programu ya Firefox ilibadilishwa jina mara mbili, mwaka 2003 na 2004, nayo ikastawi. Lakini ilikuwa changa, haijafikia hata toleo lake la kwanza kamili. Tena hatuwalaumu waliohama. Walichagua uhuru wa kazi yao, wakaulipia bei yake.

Tunalosema ni kwamba bei hiyo ingeweza kuepukwa. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wanapoanza kazi ya pamoja, iwe programu, iwe duka la ushirika, iwe gazeti, jina na liandikishwe tangu siku ya kwanza mikononi mwa chombo chao wote. Wajenzi wa LibreOffice walijifunza: jina lao la sasa limo mikononi mwa taasisi yao wenyewe. Sisi nasi tujifunze kwao kabla hatujalipa.