Mtoto kavimba taya? Damu inaweza kusema

Wadau, mtoto akivimba taya wengi tunasema jino hilo, ling'olewe. Kumbe inaweza kuwa saratani ya Burkitt, inayopenda sehemu zenye malaria kama huku kwetu kanda ya ziwa. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Inakua haraka mno, ila ikiwahiwa inatibika. Noma ni kusubiri majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe. Sasa cheki: seli za saratani zikifa zinamwaga vipande vya DNA kwenye damu. Watafiti wa Oxford, Muhimbili na Lacor ya Uganda wanavisaka humo, pamoja na DNA ya kirusi cha Epstein-Barr. Hicho bado sio kipimo cha kila hospitali, hivyo toka Buswelu mpeleke mtoto Bugando mapema.