Hesabu Ikikwama, Nani Aamue?

Kipeuo cha pili cha -1 hakipo miongoni mwa namba halisi. Mwalimu akishasema hivyo, somo linaendelea. Kompyuta ikiulizwa, lazima ifanye kitu.

Katika Python, math.sqrt(-1) huzua kosa la ValueError, na lisiposhughulikiwa programu husimama. Iulize NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, swali hilohilo, utapewa nan, yaani "si namba", pamoja na onyo, na kazi itaendelea. Hapa NumPy inafuata desturi ya kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, ambacho William Kahan alikuwa mmoja wa wasanifu wake wakuu: toa jibu la kushika nafasi, weka alama kwamba kuna hitilafu, songa mbele. Kwa safu yenye mamilioni ya vipimo, desturi hiyo ina mantiki. Kipimo kimoja kibovu hakistahili kuangusha hesabu nzima.

Kusimama nako kuna hatari zake. Tarehe 4 Juni 1996, kompyuta ya roketi ya Ariane 5 ilishindwa kugeuza namba ya desimali ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16. Hesabu yenyewe haikuhitajika tena baada ya roketi kuruka, lakini kanuni iliyowekwa ilikuwa kuzima kompyuta hitilafu ikitokea. Kompyuta ya akiba ilizimika, kisha ile kuu, na roketi ikaangamia.

Fanksheni hujua kwamba imepewa namba isiyofaa. Maana ya kosa hilo anaijua aliyeiita. Ndiyo maana maktaba nzuri humwachia uamuzi. Boost.Math ya C++ humruhusu kuchagua, kwa kila aina ya kosa, kati ya kulizua, kuliandika kwenye errno, kulipuuza, au kuita fanksheni aliyoiandika mwenyewe.

Uamuzi huo uwe na mipaka. Mfumo wa zamani wa matherr, wa Unix System V, ulikuwa na fanksheni moja kwa programu nzima, hata kama sehemu zake zilihitaji mambo tofauti. Mwaka 2018 maktaba ya C ya glibc, toleo la 2.27, iliacha kuutumikia kwa programu mpya. NumPy ina np.errstate, ambayo hubadili kanuni ndani ya mistari michache tu, kisha huirudisha ya awali.

Ukiandika jibu lako la badala, usikimbilie sifuri. Sifuri itaingia kwenye wastani kimyakimya na kuupotosha. nan itauharibu wastani wote waziwazi, nawe utalazimika kutafuta ilikotoka.