Istilahi za Upimaji wa Galaksi

Mfasiri wa maandishi ya falaki hukutana mapema na maneno mawili ambayo yakikosewa hupotosha somo zima. La kwanza ni "galaksi". Wako wanaoliandika "kundinyota", lakini kundinyota ni nyota tuzionazo zikifanya umbo fulani angani, kama Nge. Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota zilizoshikwa pamoja na nguvu ya uvutano. Jua letu ni nyota moja tu katika galaksi yetu. La pili ni "ulimwengu wa awali". Tukisema "ulimwengu wa kale" tunampeleka msomaji Misri ya Mafarao, ilhali habari yenyewe ni ya miaka bilioni 13.8 iliyopita.

Maneno haya hukutana katika upimaji wa galaksi. Twasema "upimaji", wala si "sensa", kwa sababu mtaalamu hahesabu tu; kama mpima ardhi, huonyesha mahali pa kila galaksi. Umbali wake huukadiria kwa kutazama jinsi nuru yake ilivyosogea kuelekea rangi nyekundu. Hapa twapendekeza "msogeo wekunduni". Anayefuata kamusi ya Kiingereza bila kuijua fizikia aweza kuandika "zamu nyekundu", kana kwamba nyota zimeajiriwa kiwandani!

Je, galaksi zatuambiaje habari za awali? Kwa miaka 380,000 hivi ya mwanzo, ulimwengu ulikuwa gesi ya moto mno, nuru na maada vikiwa vimefungamana, na mawimbi ya sauti yakienea humo. Gesi ilipopoa, nuru iliachana na maada. Mawimbi yakasimama, yakaacha alama mahali ambapo maada ilizidi kidogo. Kwa kuwa ulimwengu umetanuka, alama hiyo sasa ina urefu upatao miaka-nuru milioni 500. Mwaka 2005 makundi mawili ya wataalamu, moja likitumia upimaji wa Sloan uliofanywa New Mexico, Marekani, na jingine upimaji uliofanywa Australia wa galaksi zipatazo 220,000, yalitangaza kuiona alama hiyo: jozi za galaksi zilizoachana kwa umbali huo huzidi kidogo. Ziada yenyewe ni ndogo mno, ndiyo maana galaksi chache hazitoshi.

Mwaka-nuru, kadhalika, ni kipimo cha umbali. Mfasiri asiandike kamwe "miaka-nuru milioni 500 iliyopita".