Ufikiaji Huria wa Tafiti: Kutoka Rafu ya Maktaba hadi kwa Msomaji

1.0 Utangulizi
Mwandishi wa makala hii alipokuwa akikusanya data za msamiati wa uvuvi katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini mwa Tanzania, nahodha mmoja mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza: "Mwanangu, mwenzio alikuja kabla yako akatuuliza haya haya, majina ya pepo na sehemu za jahazi. Aliyaandika wapi?" Swali hilo halikupata jibu siku ile. Baada ya miezi kadhaa ilibainika kuwa tasnifu ya mtafiti huyo ipo: nakala moja iliyojalidiwa, katika maktaba ya chuo, isiyoruhusiwa kuazimwa, na isiyokuwa na rekodi yoyote mtandaoni. Makala hii inafafanua dhana ya ufikiaji huria wa tafiti. Hoja yake ni kwamba kuondoa bei ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kuwa utafiti unaonekana kwa wale unaowahusu.

2.0 Dhana ya Ufikiaji Huria
Ufikiaji huria ni utaratibu wa kuweka matokeo ya utafiti mtandaoni ili mtu yeyote ayasome, ayapakue, ayanakili na kuyasambaza bila malipo. Dhana hii ilipewa fasili mashuhuri katika Tamko la Budapest la mwaka 2002. Mwaka uliofuata, Tamko la Berlin lilitaja bayana kuwa uhuru huo unazihusu sayansi pamoja na taaluma za insani. Hata hivyo, utendaji wenyewe ulitangulia matamko hayo. Mwaka 1991 mwanafizikia Paul Ginsparg alianzisha nchini Marekani hazina ambayo leo inajulikana kwa jina la arXiv, ambamo wanafizikia walisomeana rasimu za makala kabla hazijachapishwa majaridani.

Tamko la Budapest lilipendekeza njia mbili. Ya kwanza ni mwandishi kuweka nakala ya kazi yake katika hazina ya kidijitali, mathalani ya chuo chake. Ya pili ni kuchapisha katika jarida lililo huria tangu mwanzo. Njia ya pili huzua swali la mlipaji, kwa kuwa uhariri na uchapishaji vina gharama. Baadhi ya majarida humtoza mwandishi ada, na hivyo mlango uliofunguliwa kwa msomaji huweza kufungwa kwa mtafiti asiye na ufadhili. Majarida mengine hugharimiwa na vyuo au vyama vya kitaaluma, na hayamtozi mwandishi wala msomaji.

Aidha, ufikiaji huria haumaanishi kufutwa kwa hakimiliki. Leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, humwezesha mwandishi kubaki na haki yake huku akieleza matumizi anayoyaruhusu. Masharti ya msingi katika leseni hizo ni kwamba anayeitumia kazi amtaje mwenyewe. Kazi iliyo wazi ikiibwa, wizi huo hubainika kwa urahisi kuliko wizi wa kazi iliyofichwa rafuni.

3.0 Funzo kutoka Liberia
Madhara ya maarifa yasiyowafikia walengwa huonekana waziwazi katika tiba. Mwaka 1982, watafiti wa Kijerumani walichapisha katika jarida la virolojia la Ulaya matokeo ya uchunguzi wa sampuli za damu kutoka Liberia. Walihitimisha kuwa nchi hiyo inapaswa kuhesabiwa miongoni mwa maeneo yenye virusi vya Ebola. Ugonjwa huo ulipozuka nchini humo mwaka 2014, maofisa wa afya hawakuwa na habari ya onyo hilo. Zaidi ya watu 4,800 walifariki. Mwaka 2015, Bernice Dahn, aliyekuwa mganga mkuu wa Liberia, pamoja na wenzake wawili, waliandika katika gazeti la The New York Times kuwa kupakua makala moja ya aina hiyo kungemgharimu daktari wa Liberia dola 45 za Marekani, takribani nusu ya mshahara wake wa wiki.

Haiwezekani kudai kwamba makala hiyo pekee ingeuzuia mlipuko. Lakini Dahn na wenzake waligusa jambo lililozidi bei: hakuna mtafiti wa Liberia aliyeshiriki kuiandika, na hivyo hapakuwa na mtu nyumbani wa kukumbusha kuwa ipo. Damu ilitoka Liberia, maarifa hayakurudi.

4.0 Tasnifu za Kiswahili
Tasnifu za Kiswahili zinakabiliwa na hali inayolingana na hiyo. Data za fasihi simulizi, lahaja na msamiati hutoka kwa wazee, mafundi na wavuvi, kisha huishia rafuni. Kuiweka tasnifu katika hazina ya chuo ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni rekodi yake kuwa na maneno muhimu ya Kiswahili, jina la mahali data zilipotoka, na ikisiri katika lugha zaidi ya moja. Tasnifu iliyopewa jina la faili lisiloeleweka imefichwa hata kama ni ya bure. Vilevile, si kila kitu kifunguliwe: majina ya watoa taarifa walioomba faragha na siri za jamii, kama zile za jandoni, zina haki ya kulindwa.

5.0 Hitimisho
Ufikiaji huria, kwa hiyo, ni suala la haki kabla ya kuwa suala la teknolojia. Mtafiti aliyepewa maarifa bure ana deni la kuyarejesha mahali yanapoonekana. Nahodha yule hakuomba malipo. Aliuliza tu maneno yake yaliandikwa wapi, na kila mtafiti anayekabidhi tasnifu anapaswa kuwa na jibu la swali hilo.