Ukuta wa Moto au Kingamoto?

Istilahi "ukuta wa moto" yapotosha: msikilizaji hudhani ni ukuta unaowaka, ilhali asili yake ni ukuta wa jengo uzuiao moto usienee. Twapendekeza "kingamoto". Tuchukue kompyuta ya Linux iwekwayo Kajiado na fundi aishiye Kitengela. Ikikosa mtandao, kingamoto husingiziwa upesi. Kumbe amri lspci -k yaweza kuonyesha kwamba kadi haina kiendeshi, kwani kadi kadhaa za Broadcom zisizotumia waya huhitaji programu ya ziada. Baadaye fundi huiongoza kwa SSH kutoka kwake. Kwa kawaida ufw, ikiwashwa, hukataa maingilio mapya yasiyoruhusiwa. Basi "ufw allow 22" itangulie "ufw enable". Mpangilio ukipinduliwa, fundi hujifungia nje, na hana budi kupanda matatu ya Kajiado kupitia Isinya.