Kubofya au kuandika amri: Njia mbili za kuweka mfumo endeshi

OKTOBA 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kurekebisha kasoro za usalama katika mfumo wa Windows 10.

Kwa mwalimu wa somo la tarakilishi au mwenye saiba katika eneo la Waa, Kaunti ya Kwale, hatua hiyo ilileta hesabu ngumu. Windows 11 hudai kichakataji cha miaka ya karibuni pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine nyingi zilizotumiwa kwanza ng'ambo kabla ya kuuzwa humu nchini hazina vitu hivyo. Mwenyewe hubaki na mambo matatu: kununua mpya, kuendelea bila kinga, au kuweka mfumo usiolipiwa kama vile Ubuntu au Linux Mint.

Anayechagua hilo la tatu hukumbana na swali ambalo wajuzi wamelibishania kwa zaidi ya miaka 20. Je, auweke mfumo huo kwa kubofya vitufe tu, au ajifunze kuujenga mwenyewe kwa kuandika amri moja baada ya nyingine?

Mfumo endeshi ndio programu kuu inayosimamia kumbukumbu, diski, skrini na programu nyingine zote. Kazi ya kuuweka ni ile ile, iwe kwa picha au kwa maandishi matupu. Diski hugawanywa, na kila sehemu huandaliwa ipate kuhifadhi faili. Kisha faili za mfumo hunakiliwa, na programu ndogo ya kuuamsha huwekwa mahali ambapo mashine itaitafuta pindi inapowashwa. Mwisho, mtumiaji hupewa jina na nywila.

Katika njia ya picha, yote hayo hufichwa nyuma ya kurasa chache. Mtu huulizwa lugha, aina ya kibodi, saa za Nairobi, jina lake, halafu swali moja kuhusu diski. Kwa kawaida shughuli huisha kabla ya saa moja kutimia.

Ni katika swali hilo moja ambapo wengi huangamia. Chaguo la kufuta diski nzima huwa limewekwa karibu kabisa na mkono, nalo hutekeleza linachosema. Katika mashine ya shule, diski hiyo huenda ina miradi ya watahiniwa wa KCSE, kazi ya miezi kadhaa inayosahihishwa kama karatasi ya tatu ya somo la tarakilishi. Asiyejua maana ya kugawanya diski hawezi kujua amekubali nini.

Anayepitia njia ngumu hana pa kujificha. Mifumo kama Arch na Gentoo, au kitabu cha Linux From Scratch kilichoanzishwa na Gerard Beekmans mnamo 1999, humkabidhi skrini nyeusi na kumwacha aandike. Ataitazama orodha ya diski, aone kwamba moja inaitwa sda na nyingine sdb, na ajiulize mara mbili kabla ya kugusa yoyote. Mashine ikikataa kuwaka baadaye, atajua kama tatizo liko katika diski au katika ile programu ya kuamsha. Tofauti yake na mwenzake ni kama ya mtu aliyewahi kufua nazi kwa kifuo na yule anayeinunua sokoni ikiwa imefuliwa: wote wawili hupata tui, lakini mmoja tu ndiye awezaye kuanzia kwenye makumbi.

Hata hivyo, wanaoisifu njia ngumu husahau gharama yake. Gentoo kwa desturi hujengwa kutokana na msimbo asilia, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi kwenye mashine kuukuu, na umeme ukipotea katikati, hatua iliyokuwa ikiendelea hurudiwa. Arch nayo huvuta karibu kila kitu kutoka mtandaoni. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kuanza kazi Mombasa mnamo 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti ya kimataifa, na kupakua mfumo mzima lilikuwa jambo la anasa.

Ubuntu, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutolewa mara ya kwanza Oktoba 2004, ulituma sidii kwa posta bila malipo hadi 2011. Toleo la Juni 2006 lilikuja na njia ya kuuweka kwa picha, tena mtu akiwa tayari anaujaribu kutoka kwenye sidii. Kwa asiye na mtandao wala fundi wa karibu, huo haukuwa uvivu. Ulikuwa ndio mlango pekee. Arch wenyewe, pamoja na majivuno ya wafuasi wake, waliongeza programu ya kumwongoza mtumiaji mnamo 2021.

Kwa mashine ambazo wanafunzi watazitumia Jumatatu asubuhi, basi, njia ya picha yatosha, na kushikilia amri ni kuwachelewesha watoto bure. Lakini shule inayofundisha tarakilishi yapaswa kutenga mashine moja iliyochoka, isiyo na faili ya mtu, iwe ya kuharibiwa. Humo wanafunzi wagawanye diski kwa mkono, wakosee, waifute na kuanza upya, hata mara kumi.

Kabla ya kugusa zile nyingine, miradi yote inakiliwe kwenye flashi mbili, na kila flashi ifunguliwe katika mashine tofauti kuhakikisha kwamba faili zinasomeka. Ikiwa mashine ina diski ya pili, waya wake uchomolewe hadi kazi ikamilike.